Wino wa Watu Saba

19 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama na mizigo yote imefika, ila kifuniko cha ndoo sijui kimebaki wapi. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya stoo ya shule. Upande wa pili wa ukuta kuna viti vibovu vimepangwa mpaka darini, na kila panya akipita kimoja kinaanguka. Nimeshazoea. Nikisikia kishindo nasema karibu.

Hapa wameshaniita Kifaranga. Walimu walikuwa tisa, mimi ni wa kumi, na anayenifuata kwa udogo ana watoto wawili sekondari. Nimepewa darasa la nne, watoto sitini na mmoja. Yule mmoja ndiye mwenye kelele za wale sitini.

Ofisi ya walimu ina meza moja ndefu na kabati ambalo mlango wake unazuiwa na boksi la chaki. Karibu na mlango kuna daftari la mahudhurio, na kalamu imefungwa kwa kamba kama mbuzi. Mwalimu akiingia anaandika jina, saa aliyofika na saini. Kwa kuwa mimi nalala hapa hapa, ndiye wa kwanza kila siku, basi siku ya tatu Mwalimu Mkuu Msaidizi akanikabidhi daftari. Wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu mkono wake hautoki kwenye kamba ya kengele. Akaniambia kuwa hapa tangu zamani mdogo ndiye mlinzi wa daftari, na anayechelewa, mlinzi anamsainia. Mwalimu wa darasa la pili ana mtoto anayempeleka kliniki, na yule wa sayansi anatoka mbali. Wiki ya kwanza tu, Shangazi, na nimeshaaminiwa!

Mwalimu wa hesabu ndiye mwakilishi wa chama cha walimu hapa shuleni. Amenipa fomu ya kujiunga na karatasi nyingine ndefu ya mambo ya pensheni. Nimeziweka chini ya godoro zinyooke. Nina miaka ishirini na tatu, kustaafu kwangu ni ngano za sungura na fisi. Chama wakae nacho wazee wanaohesabu siku.

Na wewe mstaafu wetu, unaendeleaje? Mwaka sasa tangu uache chaki. Nakuona umenyoosha miguu barazani, pensheni inaingia, na paa la jikoni limeshabadilishwa. Niandikie.

Mwanao,
Kifaranga

*

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako na kalamu nyekundu mkononi, mazoea yana taabu. Nakurudishia ukurasa wa kwanza uone nilipopiga mistari. Nimekupa sita kwa kumi. Umeeleza panya kwa kirefu na watoto sitini na mmoja kwa sentensi mbili.

Mimi mzima. Ya kustaafu yapo, yanakwenda.

Sasa sikiliza. Hilo daftari, liache. Kesho asubuhi andika jina lako, saa yako, saini yako, kisha kaa mbali nalo. Usimwandikie mtu hata nukta. Usimsainie mwenye mtoto mgonjwa, usimsainie atokaye mbali, usimsainie Kengele mwenyewe akikupigia magoti.

La pili, toa fomu hizo chini ya godoro uzijaze. Tafuta bati lenye mfuniko, utie humo barua yako ya ajira, barua ya kuripoti kazini, na nakala ya kila karatasi yenye mhuri. Nenda ukaulize jalada lako limefunguliwa lini na lina nini ndani. Siku wakikupa barua ya kuthibitishwa kazini, toa nakala tatu na moja uniletee mimi.

Ukiniuliza kwa nini, jibu ni kwamba nimesema.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sita kwa kumi nimeipokea, ila sitaificha, imeniuma. Na kilichoniuma zaidi si alama. Umeniandikia kama mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu.

Bati nimepata, lilikuwa la biskuti. Barua zangu mbili zimo ndani na zinanukia vizuri. Lakini la daftari si rahisi kama unavyodhani. Niko kwenye mwaka wa majaribio. Novemba Kengele ndiye atakayeandika ripoti yangu, maana Mwalimu Mkuu anaumwa na hafiki sana. Ripoti mbaya, sithibitishwi. Nisipothibitishwa, hata hiyo pensheni unayonipigia kelele haianzi kuhesabiwa. Sasa nimkatae mtu anayeshika kalamu ya maisha yangu, kwa ajili ya saini?

Tena ningekuonyesha mwalimu wa darasa la pili anavyoingia na jasho, mtoto amemwacha kwa jirani, anatazama daftari, anakuta ameshaandikwa. Ananiangalia tu. Sijui uliwahi kuangaliwa hivyo. Mimi naona huo ndio utu wenyewe.

Baba ameniandikia kuwa umeanza kufundisha watoto wa mtaani sebuleni kwako kila jioni, na kwamba umeuza cherehani ili madawati yapate nafasi. Nimecheka. Mwalimu haachi! Wengine wakistaafu wanapumzika, wewe unafungua shule.

Mwanao,
Kifaranga

*

3 Machi

Mwanangu,

Nimepokea barua. Leo sitoi alama.

Niliwahi kuangaliwa hivyo. Kwa miaka minane.

Fanya unavyoona. Mtoto akililia wembe, mpe.

Shangazi

*

4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya miezi miwili. Ulininunia, na mimi nikanuna. Sasa nimenunua karatasi mpya na nimeshachana tatu. Hii ya nne nitaituma ikiwa imeandikwa vyovyote.

Wiki iliyopita chama kiliitisha semina ya walimu wapya. Nitasema kweli, nilikwenda kwa sababu nauli ililipwa na chakula kilikuwepo. Tulikuwa arobaini hivi kwenye ukumbi wenye feni moja. Tukaketi nyuma, tukitaniana kuwa tumekuja kujifunza uzee.

Katibu wa tawi ni mama mfupi, sauti yake haihitaji kipaza. Akasema atatuonyesha ukurasa mmoja tu, mfano uliosambazwa kwenye matawi yote. Ni wa mwalimu aliyestaafu mwaka jana. Miaka yake minane ya mwanzo alikuwa mwalimu wa muda, na barua zake za wakati huo ziliozea shuleni paa lilipovuja. Ofisi ya pensheni inahesabu kuanzia alipothibitishwa, na mpaka suala hilo litatuliwe jalada lote limesimama, hapati kitu. Ushahidi uliobaki ni daftari la mahudhurio. Na ofisi imelikataa, kwa sababu walimu saba wote wameandikwa kwa mkono mmoja.

Akaurusha ukurasa ukutani kwa mashine. Majina yalikuwa yamezibwa kwa karatasi, zimebaki saa za kufika na sehemu ya saini. Wenzangu walicheka. Mtu alikuwa amebadilisha wino, huyu bluu, yule nyeusi, lakini kipofu angeona ni mkono mmoja.

Mimi sikucheka. Niliiona ile saba yenye mkanda kiunoni. Niliiona ile k inayopiga teke. Nina barua ya Februari yenye mistari myekundu, Shangazi, na kabla ya hapo madaftari yangu yote tangu darasa la kwanza ulikuwa unayapitia wewe. Mwandiko ule niliujua kabla sijajua wangu.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nikafikiria paa la jikoni, nikafikiria cherehani, na jinsi nilivyocheka.

Kwa nini hukuniambia?

Mwanao

*

15 Mei

Mwanangu,

Niliruhusu ukurasa utumike kwa sharti jina langu lisitajwe. Kumbe mwandiko nao ni jina.

Umeuliza kwa nini. Ni kuona haya tu, mwanangu, si kingine. Ukoo mzima mlinitolea mfano. Baba yako akikuchapa kwa uvivu, alikuwa anasema mtazame shangazi yako. Sasa huyo shangazi aje akwambie kwamba ofisini wanamtazama kama mghushi?

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikuwa walimu saba na mimi ndiye kitinda mimba, nikapewa daftari kama ulivyopewa wewe, kwa maneno yale yale. Mkuu wetu alikuwa na mashine ya kusaga, na asubuhi ndipo wateja hujaa. Mwalimu mmoja alikuwa akiuguza mama yake. Wengine walikuwa na sababu, na wengine hawakuwa nayo, na wote niliwasainia sawasawa. Nikaona fahari. Hata saa nilikuwa natunga kwa ufundi. Sikumwandikia mtu saa moja kamili, niliona kama inanuka uongo. Niliandika saa moja na dakika saba, na kumi na saba. Ndiyo sababu umeona saba nyingi.

Mwaka jana kijana mmoja wa ofisi ya pensheni, mpole, si mkorofi, alilifungua daftari mbele yangu. Akaniambia, "Mama, hapa wewe umewafanya watu sita kuwa wapo. Sasa sisi tutajuaje kama na wewe ulikuwepo?" Mimi, ambaye sikukosa hata siku moja! Uongo niliowaandikia wengine umekuja kuumeza ukweli wangu.

Wanataka mtu aliyekuwepo aje aape. Wanne wametangulia mbele ya haki, mmoja hajulikani aliko. Amebaki mkuu wetu. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, tunasalimiana akienda kununua dawa. Yeye pensheni yake anaipata, nzima. Nikimwomba aseme kweli yangu, lazima aseme na yake, kwamba asubuhi zile alikuwa mashineni. Huenda wakamkata. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika darasa, mwanangu, kunyamaza mpaka watoto wanyamaze. Nitamwendeaje?

Basi sasa unajua. Sikulazimishi. Ila usidhani kumsaidia mwenye mtoto mgonjwa ni kumwandikia uongo.

Shangazi yako

*

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nina mawili ya kukuambia, na la pili litakuudhi, kwa hiyo naanza na la kwanza.

Jumatatu nilifika ofisini, nikaandika jina langu, nikaifungua ile kamba, nikaipeleka kalamu na daftari mezani kwa Kengele. Nikamwambia mbele ya wote kuwa kuanzia leo kila mtu ajisainie, na kwamba tangu Januari nimekuwa nikiwasainia watu na nimeshaandika hivyo kwenye barua kwa Mwalimu Mkuu, nakala kwa chama. Kengele hakupandisha sauti. Akasema tu kuwa Novemba haiko mbali.

Mwalimu wa hesabu akasimama, akachukua rula na kalamu nyekundu. Akasema zamani ikifika saa moja na nusu mkuu alikuwa anapiga mstari, na anayefika baada ya mstari anasaini chini yake. Akaupiga. Siku hiyo watu wanne walisaini chini ya mstari.

Usinipigie makofi. Mwalimu wa darasa la pili hakunisalimia wiki nzima. Nikapita nyumbani kwake na ile fomu ya chama, nikakuta naye amejiunga miaka mingi na hajawahi kuuliza kitu. Tulikaa na mwalimu wa hesabu tukaandika ombi, na katibu wa tawi akalipeleka juu mwenyewe. Sasa ana ruhusa ya maandishi, yenye mhuri, kufika saa mbili siku za kliniki. Imo kwenye bati lake. Ulisema kweli, nilikuwa namwandikia uongo huku haki yake ipo.

Mimi pia nimejiunga. Fomu ilikuwa imenyooka vizuri.

La pili. Nimemwandikia mkuu wenu wa zamani. Anwani nimeipata kwa Baba. Sikumdai, sikumlaumu. Nimemweleza mimi ni nani, kwamba nilipewa daftari kama ulivyopewa, na nimemwuliza kama anakukumbuka. Najua ni utovu wa adabu, mtoto kupita juu ya kichwa cha mkubwa. Niadhibu ukitaka. Lakini wewe ungekaa na haya yako mpaka paa likuangukie.

Mwanao,
Kifaranga

*

2 Julai

Kwa binti mwalimu,

Barua yako ilifika. Nimeisoma mara nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu, macho yangu ni ya kuazima. Anayekuandikia hii ni mjukuu wangu, mkono wangu unatikisika siku hizi.

Unauliza kama namkumbuka. Mimi ni mzee na mambo ya kale yamechanganyika. Shule ilikuwa na walimu wengi. Mambo ya ofisi yana wenyewe, na si vizuri kufukua yaliyozikwa. Msalimie shangazi yako. Ni mtu mwema, hajawahi kunipita bila shikamoo.

Mwalimu Mkuu mstaafu

*

25 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Tangu nikutumie ile barua ya mzee wa watu hatujaigusa tena habari hiyo. Umeniandikia mvua, umeniandikia kuku, umenipa tano kwa kumi kwa mwandiko mbaya. Nimeelewa. Nilibomoa kilichokuwa kimesimama, na sasa hata salamu ya njiani itakuwa nzito kwenu. Nisamehe.

Ripoti yangu imetoka. Kengele ameandika kuwa nafundisha vizuri lakini sina ushirikiano na wenzangu. Maneno matatu hayo, "hana ushirikiano wowote", yametosha kunisogezea uthibitisho mbele miezi sita. Nilikaa chumbani nikalia hadi vile viti vikaanguka vyenyewe.

Jioni ile ile walikuja wawili. Mwalimu wa hesabu alibeba fomu ya rufaa ya chama. Mwalimu wa darasa la pili alibeba barua aliyoiandika mwenyewe, kurasa mbili, yenye jina lake na saini yake, akieleza nilivyoshirikiana naye. Alisema hajawahi kuweka saini kwenye kitu akiwa na furaha hivyo. Rufaa inasikilizwa Januari. Katibu anasema tuna nafasi nzuri, lakini hakuniahidi, na nimempenda kwa kutoniahidi.

Naogopa, Shangazi. Ila siogopi daftari.

Mwanao,
Kifaranga

*

12 Desemba

Mwanangu,

Kaa chini usome.

Jumanne nilipata wito wa ofisi ya pensheni, nifike saa mbili asubuhi. Nikafika saa moja na robo, unanijua. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi mzee mmoja, amevaa koti la kazini, lile la zamani lenye mifuko ya chaki. Nikadhani macho yananidanganya. Alikuwa mkuu wetu.

Nikamwamkia. Akaniitikia, akasogea nikae. Tukakaa kimya muda mrefu, kama tulivyokuwa tunawasubiri watoto wanyamaze. Kisha akaniambia barua yako anatembea nayo tangu Juni, na ile aliyokujibu ilimkosesha raha kuliko yako. Akasema, "Nimekula asubuhi zako miaka minane, na sasa nakaribia kula na uzee wako. Wakitaka kunikata, wanikate." Yeye ndiye aliyekwenda chama kuomba tuitwe pamoja. Mimi sikujua lolote.

Nililia pale pale, mbele ya mlinzi, na leso nimeisahau nyumbani.

Ameapa mbele ya wakili wa chama. Ametaja mashine ya kusaga, ametaja saa, ametaja hata siku nilipofundisha madarasa matatu kwa pamoja uwanjani. Yule kijana mpole aliandika yote. Miaka yangu minane imekubaliwa na jalada linaendelea. Ya kwake watayaangalia, hawajasema watafanya nini. Nimemwambia nitakwenda naye kila watakapomwita.

Lakini nataka nikueleze la mlangoni, maana ndilo lililobaki nami. Ofisi ilipofunguliwa, mlinzi akatoa daftari la wageni, kila anayeingia aandike jina, saa na saini. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshakuwa ndefu. Mzee akaitazama kalamu, akautazama mkono wake unavyotikisika, na bila kufikiri, mwanangu, akalisukuma daftari kwangu. Miaka arobaini imepita na akalisukuma vile vile, kwa vidole viwili.

Nikalirudisha. Nikamwambia, "Leo utajiandika mwenyewe, Mwalimu Mkuu." Nikamshikia ukurasa usiteleze.

Ilimchukua muda. Watu wa nyuma walianza kuguna, mlinzi akawanyamazisha. Jina lake lilipanda mlima likashuka bonde, lakini lilisomeka. Akaandika saa moja na dakika hamsini na tano, na ilikuwa kweli.

Barua yako ya Novemba nimekupa tisa. Moja nimeibana kwa kumwandikia mzee wangu bila ruhusa yangu. Januari nitakuja kwenye rufaa yako, nikae benchi la nyuma, wanione.

Alipomaliza alinipa kalamu. Nikaandika jina langu chini ya lake, nikaweka saini moja, nikampisha mtu wa nyuma.

Shangazi yako